Nondo wa hariri wa Amerika Kusini: mbawa zenye madirisha, nyumba yenye mlango, mwenye nyumba hana mdomo

Mluguru_Ughaibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna uzi humu ulikuwa unajadili hariri ya China, na wachangiaji wakafika mahali wakakubaliana kwamba hariri duniani ni kazi ya mdudu mmoja tu, yule anayefugwa kwa majani ya mforsadi. Nimeshindwa kupita kimya. Nipo Curitiba, kusini mwa Brazili, nasomea misitu, na huku kuna nondo wa hariri anayeishi kwenye miti ya mtaani bila kufugwa na mtu. Ukimwona mara ya kwanza utadhani kuna mtoto mtundu kampitia mbawa kwa mkasi. Kisayansi anaitwa Rothschildia jacobaeae. Jenasi ya Rothschildia ina spishi zaidi ya 20, kuanzia kusini mwa Marekani kule Arizona na Texas, kushuka mpaka Argentina. Nitamzungumzia zaidi huyu wa huku, na pale ambapo ndugu zake wamechunguzwa vizuri kuliko yeye nitaazima kwao.

Nianze na sura. Ni mkubwa. Akikunjua mbawa, kutoka ncha hadi ncha unapata kama sentimita 10, na wapo ndugu zake wa kitropiki wanaovuka 12. Rangi yake ni kahawia yenye wekundu, wengine wanaelekea kwenye chokoleti. Mstari mweupe unakata mbawa zote, na nje ya mstari huo kuna vumbi la rangi ya waridi. Ncha za mbawa za mbele zimejipinda kidogo kwa nje, na karibu na ncha kuna doa jeusi. Halafu sasa, katikati ya kila ubawa, dirisha. Manne jumla. Meksiko ndugu zake wanaitwa cuatro espejos, yaani vioo vinne.

Dirisha lile si tundu. Mbawa za nondo na vipepeo zimefunikwa na vigamba vidogo sana, ndio ule unga unaobaki vidoleni ukimshika. Penye dirisha vigamba vya kawaida hakuna. Kimebaki kiwambo kitupu kinachopitisha mwanga. Mweke juu ya gazeti uone kama herufi hazitaonekana. Faida yake ni nini? Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba madirisha yanavunja umbo la nondo machoni pa ndege: badala ya mdudu mnono, ndege anaona jani kavu lililoliwa na wadudu likatoboka. Mimi maelezo haya yananiingia, kwa sababu mchana nondo huyu hajifichi kwenye shimo. Anakaa palepale kwenye matawi, mbawa wazi.

Dume na jike utawajua kwa papasi, zile pembe mbili za kichwani za kunusia. Za dume ni pana, zimechanua kama manyoya ya ndege. Za jike ni nyembamba, lakini tumbo lake ni zito, limejaa mayai tangu siku anapotoka kwenye kifukofuko, ile nyumba ya hariri anayogeukia nondo.

Jina la jenasi lilitolewa na Augustus Radcliffe Grote mwaka 1896 kuuenzi ukoo wa Rothschild, ule wa mabenki. Walter Rothschild wa Tring, Uingereza, alikuwa na mojawapo ya mikusanyo mikubwa kabisa ya vipepeo na nondo iliyowahi kumilikiwa na mtu binafsi. Spishi hii yenyewe ilishaelezwa na Francis Walker mwaka 1855.

Sasa maisha yake. Jike hutaga kwenye majani ya mti ambao watoto wataula. Mayai huanguliwa baada ya wiki moja na nusu hivi, hadi mbili kukiwa na ubaridi. Vinatoka viwavi vidogo, navyo mwanzoni vinakaa kwa makundi, vimepangana ukingoni mwa jani moja. Vikikua vinatawanyika. Kiwavi hujivua ngozi mara 4, kwa hiyo ana hatua 5 za ukuaji, na kila hatua anaweza kubadilika sura mpaka mtu asiyejua akadhani ni wadudu tofauti. Wa hatua ya mwisho ni mnene kama kidole gumba, kijani kibichi, ana mistari ya rangi nyepesi inayomkata mwili kwa upana, na vinundu vidogo visivyomdhuru mtu.

Chakula chake hachagui sana. Hapa mjini anapenda ligustro, mti wa asili ya China uliopandwa barabarani miji mingi ya kusini mwa Brazili, Uruguay na Argentina. Mti umeletwa na watu, yeye akaona ni chakula.

Baada ya mwezi mmoja na ushee wa kula, anaacha. Hapa ndipo mimi huwa nakaa kitako, kwa sababu watu wote wanapiga picha mbawa, ilhali fundi alikuwa kiwavi.

Cha kwanza anachofanya, kabla ya kujenga chochote, ni kufunga kikonyo cha jani kwenye tawi kwa nyuzi za hariri. Majani ya mti yatapukutika, yeye hataki kuanguka nayo. Kisha anashusha kamba ya hariri, na kwenye kamba hiyo ananing'iniza kifukofuko kilichochongoka kama yai refu, rangi ya fedha iliyofifia. Uzi unatoka kwenye tundu chini ya mdomo wake. Tezi zake za mate ndizo zilizogeuka kiwanda cha hariri. Kichwa kinakwenda huku na huku, mchana na usiku, mpaka ukuta unakuwa mgumu kiasi kwamba ukiubonyeza haubonyei kirahisi.

Ila juu, pale karibu na kamba, hafungi. Nyuzi za pale hazipishani kama za ukutani. Zinalala kwa urefu na ncha zake zinakutana kwa ndani ya shingo nyembamba. Kutoka nje, kadiri chungu au mchwa anavyosukuma, ndivyo ncha zinavyobanana. Kutoka ndani, nondo akisukuma, zinaachana. Yaani kiwavi ambaye hajawahi kuwa nondo anajenga mlango unaofunguka upande mmoja, kwa ajili ya mwili ambao bado hana.

Mfananishe na yule wa mforsadi, Bombyx mori. Yeye anajifungia pande zote, na siku ya kutoka anatema kimiminika kinacholainisha hariri ndipo apenye. Huyu wa kwetu huku mlango wake upo tayari.

Ndani anakuwa pupa, ile hatua ya kutulia kati ya kiwavi na nondo. Kama ni kiangazi anaweza kutoka baada ya wiki kadhaa. Kama majira ya majani kupukutika yamemkuta, anasimamisha kila kitu na kulala majira yote ya baridi, ambayo huku ni Juni hadi Agosti, mpaka joto lirudi. Miti imebaki vijiti vitupu na vifukofuko vinaning'inia, watu wanapita chini yake wanadhani ni majani makavu.

Akitoka, mbawa zimekunjamana, ndogo. Anapanda, ananing'inia, anazijaza majimaji ya mwili mpaka zinanyooka na kukauka. Usiku huohuo au unaofuata jike anatulia mahali na kutoa harufu, madume wanaifuata upepo unakotoka. Wanakutana, wanakaa pamoja kwa saa nyingi, wanaachana, jike anaanza kutaga. Ndani ya wiki moja hivi wote wamekufa, kwa sababu hawali. Hana mdomo wa kulia.

Maswali karibuni.

Kibubu_Tz

Naweka kambi hapa. Leo umeshusha nondo kweli kweli.

Sokomoko

Mkuu ulikuwa unakwenda vizuri mpaka ulipofika kwenye mdomo. Kiumbe mwenye ukubwa huo, anaruka usiku kucha, halafu hali wala hanywi? Hii ni chai. Nyuki tu asipokula nusu siku chali.

Mluguru_Ughaibuni

Mkuu Sokomoko, uko sahihi kuuliza, ila si chai. Sehemu za mdomo zipo kama alama tu, mrija wa kunyonyea haujakua, na tumbo la chakula halifanyi kazi. Hali hii si ya huyu peke yake, ni ya familia nzima ya Saturniidae, ambayo ina spishi zaidi ya 2,000 duniani, Afrika zikiwemo.

Anaishi kwa mafuta aliyoweka akiwa kiwavi. Kila kitu unachokiona kwa nondo, mbawa, misuli, mayai, uwezo wa kuruka zile siku chache, kimelipiwa na majani yaliyoliwa zamani. Jike anatoka na mayai yakiwa karibu tayari, hahitaji kula ili yakomae.

Mwanasayansi wa Kimarekani Daniel Janzen, aliyefanya kazi miaka mingi hifadhi ya Santa Rosa huko Costa Rica, aliandika mwaka 1984 akilinganisha makundi mawili ya nondo wakubwa wa tropiki. Kundi moja ni hawa Saturniidae. Jingine ni Sphingidae, wale wanaosimama hewani mbele ya maua jioni na kunyonya kwa mrija mrefu. Sphingidae wanakula utu uzimani, kwa hiyo wanaishi muda mrefu, wanasafiri mbali, na jike anataga taratibu huku akichagua mmea. Saturniidae wamekata shauri jingine: hakuna kula, hakuna kuchelewa, mayai yanashushwa haraka ndani ya siku chache na uzito wote umewekwa kwenye ukiwavi. Ndiyo maana viwavi vya Saturniidae wengi vinakubali miti ya aina nyingi. Mama hana muda wa kutafuta mti mmoja maalumu.

Na nyuki wako anakufa haraka kwa sababu anatumia sukari muda wote akifanya kazi. Jike wa nondo huyu anakaa kimya sehemu kubwa ya maisha yake.

Sokomoko

Hapo nimekuelewa. Endelea.

BintiPemba

Asalaam alaykum. Umesema hachagui chakula sana. Huko Costa Rica ulikotaja anakula miti gani? Nauliza kwa sababu nafanya kazi za mimea na napenda kujua ndugu wa mimea yetu wanaliwa na nani.

Mluguru_Ughaibuni

Waalaykum salaam dada. Swali zuri. Wa Costa Rica ni Rothschildia lebeau, ambaye anafika mpaka kaskazini mwa Amerika Kusini. Miti yake inayojulikana zaidi pale Santa Rosa ni Spondias mombin, Casearia corymbosa na Exostema mexicanum. Huyo wa kwanza ni ndugu wa karibu wa embe kizungu ya kwenu visiwani. Zote mbili ni Spondias, moja ya Amerika, nyingine ya upande wa Pasifiki.

Mtafiti Salvatore Agosta aliwafuatilia viwavi vya lebeau porini kwenye miti hiyo na kuona kwamba hakuna mti ulio bora siku zote. Mti unaomkuza kiwavi vizuri mwaka huu unaweza usifae hivyo mwaka mwingine. Kwa mama mwenye siku chache hilo ni jambo kubwa.

BintiPemba

Ahsante. Kumbe embe kizungu ina jamaa zake huko mbali na wao wanaliwa.

dogo_wa_kihonda

Bro nimetafuta picha mtandaoni naona wengine wekundu wengine weusi kabisa, jina moja. Nani kakosea?

Mluguru_Ughaibuni

Huenda hakuna aliyekosea. Janzen huyohuyo aliandika, mwaka uleule 1984, kuhusu lebeau kubadilika rangi kufuatana na hali ya hewa. Hali ambayo pupa anaipitia kifukofukoni, ya mvua au ya kiangazi, inaamua rangi ya nondo atakayetoka. Watoto wa mama mmoja wanaweza kutoka na rangi tofauti. Kwa hiyo ukitaka kutambua spishi usitazame rangi tu, tazama umbo la dirisha na mkondo wa mistari.

MwanaMwingi

Salamu kutoka Kitui. Mimi nataka kujua jambo moja, hariri yake inauzwa? Sisi hapa Mwingi tunajua hariri ya msituni. Icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walifanya mradi na wakulima wetu, tukawa tunaokota vifukofuko vya Gonometa kwenye migunga. Vina nywele zinazowasha vibaya sana, ukishika bila glavu utajuta. Hivyo vyenu je?

Mluguru_Ughaibuni

MwanaMwingi, karibu sana, nilikuwa namsubiri mtu wa Mwingi.

Gonometa ni familia nyingine, Lasiocampidae, ingawa kazi inafanana. Cha Rothschildia hakina nywele za kuwasha, unakishika kwa mkono mtupu. Kibiashara lakini hakijafika popote, na sababu ni ule mlango niliousifu. Hariri ya mforsadi inathaminiwa kwa kuwa uzi ni mmoja, mrefu, karibu kilomita nzima, unafunuliwa kutoka kifukofuko kizima kilichochemshwa. Hapa kuna mdomo wazi upande mmoja, nyuzi za pale zimekwenda na kurudi, na ukuta umegandishwa kwa gundi ngumu. Kuifunua kwa uzi mmoja ni shida. Unaweza kuichambua na kuisokota kama pamba, lakini jasho ni jingi kuliko malipo.

Cha kuchekesha ni kwamba jimbo hilihili la Paraná ndilo kitovu cha hariri ya Brazili. Wakulima wa maeneo ya Nova Esperança wanafuga Bombyx mori, mdudu wa China, kwa mforsadi wa Asia, huku wa kwao akila miti ya barabarani bila kuulizwa.

Wenyeji wa Amerika wenyewe waliona matumizi mengine. Watu wa Yaqui na Mayo wa kaskazini magharibi mwa Meksiko wanachukua vifukofuko vya Rothschildia cincta, vile ambavyo nondo ameshatoka, wanatia changarawe ndani, wanashona viwili viwili kwenye kamba ndefu na kuizungusha miguuni mwa mchezaji. Vinaitwa tenábaris. Kazi yake ni ileile ya njuga.

MwanaMwingi

Sasa hiyo ni akili. Hata kusini mwa Afrika nimesikia Wasan hufanya hivyo na vya Gonometa.

Mluguru_Ughaibuni

Ni kweli kabisa. Wanajaza vijiwe au vipande vya ganda la yai la mbuni. Watu wa mabara mawili, wadudu wa familia mbili, na wote wakaishia miguuni.

Mtoto_wa_Lushi

Bandugu, miye niko Lubumbashi. Munaongea hariri, munaongea njuga, lakini hamuongei chakula. Huku viwavi ni vinkubala, sokoni vinauzwa vikavu kwa kopo, na bei si ndogo. Hao wa Brazili wanakuliwa?

Mluguru_Ughaibuni

Ndugu wa Lushi, umenikumbusha njaa. Wengi katika viwavi wanaoliwa kwenu na kusini mwa Afrika ni wa familia hiihii ya Saturniidae, akiwemo yule wa mopane, Gonimbrasia belina. Huku mjini sijaona mtu anayekula Rothschildia, na mtu wa huku ukimwambia habari ya kugusa viwavi anarudi nyuma hatua tatu. Ana sababu. Kuna mwingine katika familia hii anayeua watu.

Kibubu_Tz

Hapo sasa. Kiwavi anaua mtu? Toa maelezo.

Mluguru_Ughaibuni

Anaitwa Lonomia obliqua. Ni Saturniidae pia, ila wa tawi jingine, Hemileucinae, ambalo liko Amerika peke yake. Nondo mwenyewe hana neno: anafanana na jani kavu, dume wa manjano-manjano, jike wa kijivu-kahawia, mstari mmoja umekata mbawa. Hana madirisha. Hajengi kifukofuko cha kuning'inia. Pupa analala chini kwenye majani makavu.

Hatari ni kiwavi. Mwili wake umejaa miiba yenye matawi, na kila ncha ina sumu. Usiku wanapanda juu kula, mchana wanashuka na kulala kwa kundi kwenye shina, rangi yao ikiwa sawasawa na gamba la mti. Mkulima anaegemeza mkono kwenye mti bila kutazama, anabonyeza makumi kwa mpigo. Kwanza maumivu ya moto. Baada ya saa kadhaa sumu inakuwa imeharibu mfumo wa kugandisha damu: inachochea kuganda mpaka viambata vyote vya kugandisha vinaisha, halafu damu inabaki haishiki tena. Inatoka kwenye fizi, kwenye mkojo, hata kwenye kovu la zamani. Wengine figo zinashindwa, na wanaokufa mara nyingi ni kwa kuvuja damu kwenye ubongo.

Mwaka 1989, eneo la Passo Fundo, jimbo la Rio Grande do Sul, madaktari walianza kupokea wakulima wengi wenye hali hiyo. Ukataji wa misitu unatajwa sana kama chanzo: miti yake ya asili, ule uitwao cedro ukiwemo, ilipungua, akahamia kwenye miti ya matunda karibu na nyumba, mipichi, mipea, miparachichi. Taasisi ya Butantan ya São Paulo ikatengeneza dawa ya kuzima sumu miaka ya 1990: miiba inasagwa, farasi wanachanjwa kwa kimiminika chake, kinga inachukuliwa kwenye damu yao. Mpaka leo viwavi vinakusanywa kusini na kupelekwa Butantan ili dawa iendelee kutengenezwa.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha Rothschildia mkononi usihitimishe kwamba vyote vinashikika. Kiwavi mwenye miiba yenye matawi mwache alipo.

Mtoto_wa_Lushi

Aksanti. Miye nabaki na vinkubala yangu.

Mzee_Jongoo

Mnaona jinsi Mwenyezi Mungu alivyopanga? Mlango wa upande mmoja! Halafu mtu anasema ni bahati nasibu.

Sokomoko

Mzee, uteuzi wa asili si bahati nasibu, hapo ndipo mnapo…

Msimamizi

Mjadala wa uumbaji na mageuzi una jukwaa lake. Hapa ni nondo. Tuendelee.

mama_wawili

Mimi nauliza la mtu wa kawaida. Nondo wakubwa kwa nini wanajazana kwenye taa? Na huyo wako naye anakuja?

Mluguru_Ughaibuni

Anakuja, mama, na ni hasara kubwa kwake. Taa inamvuruga mwelekeo, anaizunguka mpaka anachoka au anakaa ukutani mpaka asubuhi ndege wamkute. Kwa mdudu mwenye miezi mbele yake usiku mmoja si kitu. Kwa dume mwenye usiku wachache, mafuta hayaongezeki, na jike anaita upande wa pili wa mtaa, usiku mmoja kwenye taa ni sehemu kubwa ya maisha yake.

Popo nao wanawinda penye taa, na hawa hawana masikio. Nondo wa familia nyingine nyingi wanasikia mlio wa popo na kujitupa chini. Saturniidae hawasikii chochote. Taa ya nje kama haina kazi, izimwe.

dogo_wa_kihonda

Bro, nitumie vifukofuko kumi kwa posta nifuge hapa Moro, tuwauzie wazungu wanaokusanya.

Mluguru_Ughaibuni

Hapana, na usijaribu kwa mtu mwingine. Kuingiza mdudu hai Tanzania bila kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, ni kosa, Kenya utakutana na wenzao wa KEPHIS. Na hata kama sheria isingekuwepo, kiwavi anayekubali miti ya aina nyingi, asiyekuwa na maadui zake wa asili, si mgeni wa kumkaribisha kwenye mashamba ya Morogoro.

Maadui wenyewe ndio wanaomweka sawa huku. Kuna nyigu wa jenasi Enicospilus, mwembamba, rangi ya chungwa, anayetaga ndani ya kiwavi. Kuna nzi wa Tachinidae. Kiwavi anaendelea kula, anajenga kifukofuko chake vizuri na mlango wake, halafu anayetoka si nondo.

Unataka wa kufuga? Tazama nyumbani. Rothschildia yuko katika kabila (kundi dogo ndani ya familia) la Attacini, na Afrika tuna Attacini wetu wa jenasi Epiphora, wakubwa, kahawia na wekundu, nao wana madirisha kwenye mbawa. Wapo Tanzania na Kenya. Baadhi yao viwavi vyao vinakula majani ya mikunazi.

Kibubu_Tz

Ngoja kwanza. Mimi niko Dodoma, nyuma ya nyumba kuna mkunazi, na juzi nimeona kitu kimening'inia, kigumu, cha kijivu. Nilitaka kukipasua nione. Nifanye nini?

Mluguru_Ughaibuni

Usikipasue. Kwanza kiangalie. Kama kina tundu la duara ubavuni, kimeshatoboka, nyigu au nzi ametoka na hakuna kitu ndani. Kama juu nyuzi zimepanuka na ukikitikisa ni chepesi kabisa, nondo alishakwenda zake. Kama ni kizito na ukikitikisa taratibu kuna kitu kinagonga ukuta, pupa yupo hai au alikuwa hai karibuni.

Ukitaka kumwona akitoka, kata kijiti chote pamoja na kifukofuko, usikibandue. Kining'inize kwenye chandarua au kapu kubwa lenye ukuta wa kukwaruza ili apate pa kupanda; akikosa pa kuning'inia mbawa zitakauka zikiwa zimekunjamana na hataruka. Weka kivulini nje, si ndani ya nyumba, na Dodoma kwa ukavu ule mnyunyizie maji kidogo mara moja moja. Anaweza kungoja mvua, kwa hiyo usikate tamaa ukapasua.

Akiwa jike, mwache kwenye chandarua usiku mmoja nje. Kama kuna madume jirani utawakuta wameshikilia chandarua kwa nje. Piga picha, wafungulie, kisha tuletee hapa tuangalie madirisha yake yana umbo gani.

Kibubu_Tz

Nimekitikisa. Kizito, na kinagonga. Nakata kijiti sasa hivi.